Gari Linagusa Chini Mbezi Luis: Spesa, Springi, Tairi au Kifusi?

Kwenye njia nane za Barabara ya Morogoro, kilometa 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha, Vitz na Land Cruiser ni magari mawili tu yanayopishana. Tofauti yao huanza ukikunja pale Mbezi Luis kuelekea nyumbani. Tangu Stendi ya Magufuli ifunguliwe Februari 24, 2021 na mabasi ya mikoani yahame Ubungo, nyumba zimezidi kusogea hadi mabondeni, na waliokuwa wakigombania daladala wamejinunulia IST, Passo, Vitz na Spacio. Barabara za mitaa hazikwenda na kasi hiyo. Lami ipo ya kwenda Goba, ipo ya Malamba Mawili hadi Kinyerezi, lakini zile mita mia chache za mwisho, za udongo mwekundu uliochimbwa na maji ya masika, ndizo zinazokwaruza sampu.

Hapo ndipo fundi anapopata mteja. "Bosi, hii tunaipiga spesa inchi mbili, unapita popote." Maneno matamu, na mara nyingi fundi anayaamini kweli. Shida ni kwamba mteja hununua inchi mbili bila kujua anahitaji ngapi, wala ni sehemu gani ya gari inayogusa. Kunyanyua gari ni bidhaa inayouzwa kwa sentimita, kama kitambaa kinavyouzwa kwa mita, na mnunuzi asiyejua kipimo chake hawezi kujua kama ameuziwa ghali.

Kabla ya bei, basi, vipimo. Subiri siku gari limebeba watu wanaolipanda kila siku: wewe, mama watoto, watoto wawili, na ule mzigo wa Jumamosi kwenye buti. Liegeshe penye sakafu tambarare, chukua futi ya fundi seremala, upime kutoka chini hadi sehemu iliyo chini kuliko zote katikati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Magari mengi madogo ya Toyota yalitoka kiwandani yakiwa na sentimita 15 hivi, mengine pungufu, na hapo yalikuwa mapya na matupu. Gari lenye miaka 18 na abiria wanne halina tena sentimita hizo. Halafu ingia uvunguni na tochi. Alama za kukwaruzwa hazidanganyi. Zikiwa kwenye plastiki ya chini ya bampa, hilo ni tatizo la pua ya gari kuingia mtaroni, na spesa itakusaidia kidogo tu kwa sababu bampa limetangulia mbele ya tairi. Dawa yake ni kuingia kwa pembeni, tairi moja moja, au kuikata ile plastiki. Zikiwa kwenye bomba la ekzosi, tazama kwanza raba zinazolining'iniza. Nyingi zimeoza, bomba limeshuka, na mtu anataka kunyanyua gari zima kwa kosa la raba mbili. Zikiwa kwenye sampu au kwenye chuma kilichobeba injini, hapo una hoja ya kunyanyua.

Bei ninazozitaja kuanzia hapa ni makadirio ya kupimia uwiano, shilingi kwa shilingi, chaguo kwa chaguo. Ukifika Gerezani Kariakoo au Ilala utazikuta zimepanda au zimeshuka, na ukiwa umevaa tai zitapanda zaidi.

Chaguo la kwanza halitangazwi na mtu kwa sababu halina jina tamu: kurudisha kile ulichokwisha kuwa nacho. Springi ya koili huchoka. Baada ya miaka mingi ya kubeba uzito, chuma hupoteza kimo, na gari hushuka taratibu kiasi ambacho mwenyewe hazindukani. Linganisha kulia na kushoto: pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi juu yake, pande zote nne. Ukikuta upande wa dereva uko chini kuliko wa abiria, au nyuma kumekaa kama bata, springi zimechoka au moja imevunjika pete ya mwisho, jambo la kawaida kwa magari ya mtumba yanayotoka kwenye nchi za baridi na chumvi ya barabarani. Shokapu zilizokufa nazo zina mchango wao, ingawa si ule unaodhaniwa. Shokapu haibebi gari, springi ndiyo inayobeba. Kazi ya shokapu ni kuzuia gari lisiendelee kudunda. Lakini gari lisilozuiwa hudunda hadi chini kwenye kila shimo, kwa hiyo linagusa mahali ambapo likiwa limesimama lisingegusa. Bonyeza kona ya boneti kwa nguvu, achia. Likipanda na kutulia, shokapu ipo. Likicheza mara mbili tatu, haipo.

Shokapu nne mpya za heshima na springi nne zinaweza kufika 900,000 pamoja na ufundi, na utarudishiwa labda sentimita mbili. Ukigawa, ni 450,000 kwa sentimita, bei ya kutisha. Ila hesabu hiyo ina upendeleo, kwa sababu pesa ileile imekununulia breki zinazoshika vizuri, tairi zinazolika sawasawa na mgongo usiouma. Za mtumba zinazotolewa kwenye magari yaliyokatwa ni nafuu sana, pengine theluthi ya bei. Kwa springi sina ugomvi na mtumba, maana ni chuma, unaikagua kwa macho na kuipima kimo dukani hapohapo ukiilinganisha na mwenzake. Shokapu ya mtumba ni bahati nasibu. Muuzaji ataibonyeza mbele yako na itarudi polepole kama inavyotakiwa, lakini mkono wa mtu si tani moja ya gari kwenye makorongo ya Msakuzi. Kama oili imevuja na kuacha utando kwenye mti wake, irudishe mezani bila mjadala.

Chaguo la pili ni raba za springi, zile zinazosukumizwa katikati ya pete za koili. Seti ya kununua ni kama 40,000 hivi, na ukienda kwa fundi mwenye ubunifu atakukatia kwenye tairi chakavu la lori kwa nusu ya hapo. Gari hunyanyuka papo hapo, mteja anafurahi, picha inapigwa. Kinachotokea ni kwamba pete mbili zimenyimwa ruhusa ya kujikunja. Springi imekuwa fupi na ngumu, uzito wote unafanyiwa kazi na pete zilizobaki, na chuma kinalemewa pale pale raba inapoishia. Kwa anayebeba mzigo nyuma mara mojamoja, nyuma tu, zina kazi yake kwa muda. Kwa gari la kila siku zinageuza kila jiwe kuwa taarifa. Na zile za kukatwa kwenye tairi hutoka. Zinachomoka kwenye tuta, upande mmoja, na gari linabaki limeinama bega.

Spesa ndizo zenye soko, na ndizo zinazohitaji kuelezwa kwa kirefu. Mbele, magari karibu yote madogo yana springi iliyovaliwa juu ya shokapu, na shokapu hiyo imefungwa juu kwenye bodi kwa nati, kwa kawaida tatu, ambazo utaziona ukifungua boneti. Spesa ni kipande kinachowekwa kati ya kichwa cha shokapu na bodi. Spesa ya sentimita tatu inanyanyua bodi karibu sentimita tatu. Nyuma, kwenye magari mengi madogo, springi hukaa peke yake na shokapu peke yake, na kipande huwekwa juu au chini ya springi.

Zinazouzwa tayari ni za plastiki ngumu au alumini, zimetobolewa kwa kipimo cha gari husika na zina bolti zake ndefu. Seti ya nne na kufungwa ni kama 150,000. Za kutengeneza mwenyewe huchongwa kwenye karakana zenye mashine ya lathe kutoka kwenye kipande cha alumini au nailoni, au, kwa njia ya haraka, hukatwa kwenye bamba la chuma na kutobolewa kwa drili, vipande viwili vitatu vikabebeshwa kimoja juu ya kingine. Za kuchongwa vizuri hazina tofauti kubwa na za dukani. Nimeona za alumini zilizotoka kwenye mikono ya mchongaji ambazo ningezifunga kwenye gari langu bila wasiwasi. Uso wake umelala sawasawa, matundu yameingia bila kulazimishwa, na bolti ina namba ya ugumu kichwani, 8.8 au 10.9. Hapo ndipo pa kukazia macho. Mwili wa spesa ni mara chache kuvunjika. Kinachokatika ni bolti ya bei ya pipi iliyochukuliwa kwenye kopo la bolti zilizookotwa, au ile ambayo fundi ameirefusha kwa kuichomelea kipande. Bolti iliyochomelewa kwenye sehemu inayobeba uzito wa gari, ikatae hata kama ameshaifunga. Mwambie aifungue.

Vipande vinavyobebeshana navyo vikatae. Vitacheza, vitalia, na siku moja nati italegea.

Sasa gharama ambazo hazimo kwenye bei aliyokupa. Gari likinyanyuka, mkono wa chini unaoshika tairi huinama, fimbo ya usukani nayo huinama, na tairi hubadilisha mwelekeo wake: hujipinda kidogo kwa juu na kuelekea ndani au nje kwa mbele. Ukiondoka gereji bila kupanga matairi, tairi mbili za mbele zitalika upande mmoja kabla masika mengine hayajafika. Kwa hiyo alaimenti si hiari, na 40,000 ya alaimenti ni sehemu ya bei ya spesa. Taa nazo, mbele pakinyanyuka kuliko nyuma, huelekea juu, unamulika macho ya watu. Kuzishusha ni dakika chache na bisibisi, lakini wangapi hufanya? Halafu kuna sivi jointi. Gari linalovutwa na tairi za mbele lina shafti mbili zinazotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye tairi, na kila ncha ina kiungo kilichofunikwa na raba yenye mikunjo, yaani buti, iliyojaa grisi. Pembe ya shafti ikizidi, mikunjo ya raba husuguana, raba huchanika, grisi hurushwa ndani ya rimu, mchanga wa Mbezi unaingia mahali pake. Utaliona kwanza kama utando mweusi wa mafuta upande wa ndani wa tairi. Kwa wakati huo buti mpya na grisi inatosha. Ukisubiri hadi usikie ka-ka-ka unapokata kona, umeshanunua sivi.

Tuzigawe tena. Spesa za sentimita tatu kwa 150,000 na alaimenti 40,000 ni 190,000, yaani kama 63,000 kwa sentimita, na ukiacha raba za springi, hakuna chaguo jingine kwenye ukurasa huu linaloshinda bei hiyo. Ukiongeza sivi mbili kwa 250,000 baada ya mwaka, zile sentimita zimefika kama 147,000 kila moja. Zikiwa sentimita tano badala ya tatu, nafasi ya kununua hizo sivi inakuwa kubwa zaidi, kwa sababu pembe imezidi. Hii ndiyo sababu siishabikii ile inchi mbili ya bosi. Sentimita mbili hadi tatu ni kiasi ambacho viungo vya gari dogo huvumilia. Baada ya hapo unakopa.

Kabla hujalipa, omba jambo moja. Gari likiwa bado kwenye jeki na tairi zote mbili za mbele zinaning'inia, mwambie fundi azungushe usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, nawe uangalie bomba la raba la breki na waya mwembamba wa ABS. Vikikazika kama kamba ya kuanikia nguo, urefu hautoshi. Bomba la breki lililokazika ni hatari kubwa kuliko yote niliyoitaja, na ndilo linalosahaulika kwa sababu gari likishushwa chini hulegea na kuonekana zima.

Tairi. Watu wengi huamini tairi kubwa ndiyo njia safi, na kwa kanuni wako sahihi: tairi ndiyo peke yake inayonyanyua kila kitu, pamoja na mikono ya chini na ekseli ambazo spesa haizigusi. Lakini hesabu zake ni bahili. Chukua tairi ya 185/65R15. Kimo chake chote ni milimita 621 hivi. Ukihamia 195/65R15 unapata 634, ongezeko la milimita 13, na gari hunyanyuka nusu ya hapo kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Milimita sita na nusu! Ukienda 205/65R15 unapata sentimita moja na pointi tatu, na hapo tairi inaweza kuanza kulamba madigadi ukikata kona na mzigo. Ukinunua tairi nne kwa 600,000 kwa ajili ya kunyanyua tu, unalipa zaidi ya 900,000 kwa sentimita. Ukizinunua kwa sababu za zamani zimekwisha, tofauti ya kipimo kimoja kwenda kingine ni kama 15,000 kwa tairi, na sentimita inashuka hadi 90,000 hivi. Kwa maneno mengine, tairi ngoja wakati wake ufike, kisha panda kipimo kimoja.

Na ukipanda, kumbuka spidomita. Ukiwa na 205/65 badala ya 185/65, mshale ukisema 50 unaenda 52. Si kitu, mpaka umkute askari wa usalama barabarani na tochi yake kwenye kibao cha 50. Faini ya 30,000 haiulizi kipimo cha tairi.

Wenye Kirikuu wana kesi yao, na kwa kweli ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi ya mikono. Nyuma ya Suzuki Carry kuna ekseli nzima inayolala juu ya springi za majani. Fundi springi hukuongezea jani, au hurudisha upinde wa majani yaliyolala kwa moto na nyundo, au huweka kipande cha chuma kati ya ekseli na springi na kufunga yu-bolti ndefu zaidi. Hiki kipande cha chuma ndicho rahisi na kinafanya kazi, kwa masharti kwamba ni kimoja na si viwili, kina pini katikati ya kukizuia kuteleza, na yu-bolti ni mpya. Kuongeza jani kunafaa kwa anayebeba tofali na saruji kila siku. Asiyebeba atajuta, gari tupu litaruka kama mbuzi. Kurudisha upinde kwa moto ni nafuu na hakudumu, maana chuma cha springi kikishapashwa bila kupozwa kwa utaratibu wake hupoteza ukakamavu. Na jambo ambalo wauzaji hawalisemi: difu haipandi. Chungu kile cha katikati ya ekseli kinabaki palepale kilipokuwa, hata ukinyanyua bodi futi nzima, kwa sababu kimebebwa na tairi. Kama kinachogusa ni difu, pesa yako ielekee kwenye tairi.

Huko Marekani watu hunyanyua vigari vya gofu nyuma ya nyumba zao kwa namna hiihii, chuma bapa, bolti ndefu, vishikizo vya springi vilivyorefushwa, ili waweze kufunga tairi kubwa za kupita shambani. Nimewahi kusikia fundi akitoa mfano huo kuthibitisha kwamba kila kitu kinawezekana. Kigari cha gofu cha kawaida kinakwenda kama kilometa 24 kwa saa. IST inatoka Makabe kwa mwendo huo, kweli, lakini dakika kumi baadaye iko kwenye Barabara ya Morogoro katikati ya basi la Mbeya na lori la kontena, kwa 80. Kosa linalosamehewa kwenye nyasi halisamehewi pale. Gari lililonyanyuliwa lina kitovu cha uzito kilichopanda. Linainama zaidi likikwepa, na dereva wake asipojua hilo atakwepa bodaboda kama alivyozoea.

Kinga ya sampu haimnyanyui mtu hata milimita, bali huchukua chache. Bado naiweka juu ya spesa kwa yeyote anayegusa mara mojamoja tu. Ni bamba la chuma la milimita mbili au tatu, lililokunjwa na kufungwa chini ya injini kwa bolti nne, kama 80,000 kwa fundi wa kuchomelea. Jiwe linalokwaruza bamba linapiga kelele. Jiwe linalotoboa sampu linamwaga oili, na usipoona taa nyekundu mapema unanunua injini. Mwambie fundi aache tundu la kumwagia oili, la sivyo kila sevisi utalipia kuifungua, na aache upepo upite. Mahali pa kufunga pawe kwenye chuma cha gari, si kwenye sampu yenyewe.

Kuna wanaouliza: si bora nibadilishe gari? Rush, Escudo au RAV4 ya zamani imezaliwa juu, na urefu wake umepimwa na wahandisi wa kiwandani pamoja na breki na usukani wake. Ni kweli. Ila piga hesabu nzima. Gari la zaidi ya miaka kumi lenye injini ya kati ya cc 1,000 na 2,000 linatozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5, nyongeza ya uchakavu asilimia 30 na VAT asilimia 18, baadhi zikipanda juu ya zilizotangulia, hadi kodi zinakaribia kulingana na bei ya gari na usafiri wake. TRA wana kikokotoo chao cha magari yaliyotumika. Ingiza aina na mwaka kabla hujamtumia wakala hata shilingi. Kisha ongeza mafuta, maana gari la juu lenye injini kubwa na uzito wake litakula zaidi kila siku, hata siku za kiangazi ambazo barabara yako iko safi. Kwa anayekaa Mpiji Magohe na kupita matope miezi mitano ya mwaka, kubadilisha kuna maana. Kwa mwenye korongo moja tu kati yake na lami, hapana.

Maana korongo moja lina bei yake. Fuso la kifusi likimwagwa na kusawazishwa Mbezi ni kama 150,000. Mtaa wenye nyumba kumi na magari sita, kila mwenye gari akitoa 50,000, mnapata safari mbili za kifusi. Magari sita yaliyonyanyuliwa yangegharimu zaidi ya milioni moja, na bajaji, bodaboda na mama mjamzito anayekwenda zahanati wasingefaidika na hata senti. Najua kifusi huondoka. Kinaondoka kwa sababu humwagwa juu ya njia ya maji bila kuchimba mfereji pembeni. Maji ya vuli yakija yanarudia palepale. Chimbeni mfereji kwanza, mwagieni kifusi Septemba, kabla ya mvua na siyo katikati yake, na mchukue kokoto za changarawe badala ya taka za ujenzi zenye misumari. Barabara za mitaa zipo chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na ofisi ya serikali ya mtaa ndiyo mahali pa kupeleka barua yenye saini za wakazi. Barua haizuii kifusi, wala kifusi hakizuii barua.

Kwa hiyo ningetumia vipi pesa yangu, kama ningekuwa na gari dogo la kawaida na laki nne mkononi? Raba za ekzosi na kinga ya sampu kwanza, kama 100,000. Ningekagua springi kwa futi na kubadilisha zilizochoka kwa za mtumba zilizopimwa. Kikibaki kitu, spesa za sentimita mbili na nusu, za kipande kimoja, na alaimenti siku hiyohiyo. Tairi ningesubiri ziishe. Raba za kukatwa kwenye tairi la lori na bolti ya kuchomelewa nisingezigusa hata kwa bure. Na kama una bima kubwa, mpigie wakala wako simu umweleze mabadiliko na upate jibu lake kwa maandishi, maana siku ya ajali mkaguzi atafungua boneti, na spesa zinaonekana.

Ukienda gereji, mwulize fundi maswali matatu kabla ya bei: utafunga bolti gani, alaimenti nafanyia wapi, na nikirudi baada ya wiki mbili utakaza nati zote tena bila malipo? Anayejibu la tatu kwa "njoo tu bosi wangu" na kukuandikia kwenye risiti, mpe kazi.